Jinsi ya Kufuatilia Jambo Lako Serikali za Mitaa: Kuanzia Mkutano wa Kijiji Hadi Baraza la Madiwani

Kijijini kwetu kulikuwa na boma la zahanati lililosimama usawa wa lenta kwa miaka, mbuzi wakijikinga mvua humo. Kila kiongozi aliyepita alionyeshwa, akatikisa kichwa, akaahidi. Nilipochaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, nilikwenda kwenye mafaili kuzitafuta ahadi hizo. Hazikuwamo, na wala hazikupotea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuziandika. Watu walipiga makofi, vumbi likatimka, msafara ukaondoka, na kwenye muhtasari mtendaji akaandika: "Mgeni aliwasalimia wananchi."

Mwongozo huu nimeuandika kutokana na kipindi changu kimoja cha ujumbe, kwa ajili ya mtu wa kawaida wa Tanzania Bara mwenye jambo linalomkera: boma lisiloisha, mtaro ulioziba, mchango usio na stakabadhi, ardhi ya kijiji inayogawiwa kimyakimya. Zanzibar wana mfumo wao, ambako mtu wa kwanza kumwendea ni sheha, naye huteuliwa, hachaguliwi. Kwa hiyo yaliyomo humu yasihamishiwe kule moja kwa moja.

Kabla ya kuanza: haki yako imeandikwa wapi

Fungua Katiba, ibara ya 145 na 146. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno hayo yana historia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, kazi zake zikakabidhiwa maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Huduma za miji zilizorota haraka, ndiyo maana mamlaka za miji zilirudishwa mapema, mwaka 1978. Kisha zikaja sheria za 1982: Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha za serikali za mitaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Mtu akikuambia kwamba mkutano wa kijiji ni "kikao cha kujifurahisha", mkumbushe kuwa nchi hii iliwahi kujaribu kuishi bila serikali za mitaa na ikarudi nyuma yenyewe.

Hatua ya 1: Jua uko ngazi gani, na nani ni nani

Vijijini ngazi ya chini kabisa ni kitongoji, juu yake kijiji. Mijini ni mtaa. Vijiji au mitaa kadhaa hufanya kata, na kata hufanya halmashauri, ambayo inaweza kuwa ya wilaya, mji, manispaa au jiji. Nchi nzima ina halmashauri 184, vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji karibu 64,000. Zote zinasimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, iliyopo Dodoma.

Kinachowachanganya watu wengi ni kutotofautisha wa kuchaguliwa na wa kuajiriwa. Mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji au wa mtaa umemchagua wewe. Hana mshahara, ana posho kidogo pale inapopatikana. Mtendaji wa kijiji, wa mtaa au wa kata ameajiriwa, ana mshahara, na ndiye katibu wa vikao na mtunza nyaraka. Diwani umemchagua. Mkurugenzi wa halmashauri ameteuliwa na Rais, na ndiye katibu wa baraza la madiwani. Mkuu wa wilaya naye ameteuliwa na Rais, lakini huyo ni mtu wa serikali kuu. Si sehemu ya halmashauri, hata kama kwenye ziara utamwona mbele ya wote.

Halafu kuna balozi wa nyumba kumi. Wazee wengi bado huanzia kwake kwa kila jambo, na simlaumu mtu, ni mazoea ya enzi za chama kimoja. Lakini balozi ni kiongozi wa shina la CCM. Ni jirani mwema, anaweza kukusindikiza, ila mhuri wa serikali hana.

Tofauti moja zaidi inafaa kukumbukwa. Halmashauri ya kijiji ina hadhi ya kisheria: inamiliki mali, inaingia mikataba, inashtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna nguvu hizo. Kwa sehemu kubwa ni daraja kati ya wakazi na halmashauri ya mji. Wakazi wa mjini wanaoshangaa kwa nini mwenyekiti wao "hana meno" wajue kwamba sheria haikumpa.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa jambo lako

Nimeona watu wakimzomea mwenyekiti kwa sababu ya barabara ambayo hana hata koleo la kuirekebishia. Kabla hujasimama mkutanoni, jiulize jambo hili liko mikononi mwa nani hasa.

Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Maji vijijini ni ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, na kule kijijini kuna chombo cha watumia maji kinachokusanya hela ya ndoo. Umeme ni TANESCO. Kodi ya jengo, ambayo zamani ilikuwa mapato ya halmashauri, tangu 2021 inakatwa ukinunua umeme wa LUKU.

Kilichobaki moja kwa moja kwa halmashauri bado ni kingi: shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, maofisa ugani, masoko, stendi, machinjio, taka, leseni za biashara, ushuru wa mazao, sheria ndogo, mikopo ya vikundi. Na kijiji chenyewe kina jambo zito kuliko yote hayo, nalo ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Hapo ndipo wajanja wanapopita. Watu watano wanakaa chini ya mwembe, wanaandika muhtasari unaosema "mkutano mkuu uliridhia", na mwekezaji anaweka nguzo. Ukisikia kuna shamba kubwa limetolewa, swali lako la kwanza liwe moja: mkutano mkuu wa tarehe gani, na orodha ya waliohudhuria iko wapi?

Hata jambo likiwa la TARURA au RUWASA, bado pitia kijijini au mtaani. Mashirika hayo hayana mkutano wa wananchi, wewe unao. Muhtasari wenu ukipelekwa kwao kupitia kata una uzito kuliko simu ya mtu mmoja aliyekasirika.

Hatua ya 3: Utumie mkutano mkuu ipasavyo

Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Si mgeni mwalikwa, ni mjumbe. Mkutano huo ndio chombo cha juu kabisa kijijini, juu ya mwenyekiti na halmashauri yake, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inapaswa kukaa kila mwezi. Mtaa nao una mkutano wake na kamati yake.

Sasa twende kwenye vitendo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza.

Ukiona robo mwaka imepita bila mkutano, usianze kulalamika gengeni. Nenda kwa mtendaji ukamuulize kistaarabu: "Mtendaji, mkutano wa robo hii ni lini?" Akisema hajui, rudi na barua fupi yenye majina na saini za wakazi kadhaa. Iandike nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Mfano:

*Kwa Mtendaji wa Kijiji cha ……*
*YAH: OMBI LA KUITISHWA MKUTANO MKUU WA KIJIJI*
*Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunaomba mkutano mkuu wa robo ya …… uitishwe. Tunaomba ajenda ziwe pamoja na: (1) taarifa ya mapato na matumizi, (2) hatua iliyofikiwa katika ujenzi wa ……*
*Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, Diwani.*

Angalia kwamba tumependekeza ajenda. Hoja yako ikikosa kuwa ajenda, itasukumiwa kwenye "mengineyo", saa kumi na moja jioni, watu wamechoka, kina mama wameshakwenda kuchota maji, na mwenyekiti anasema "hilo tumelichukua". Limechukuliwa kwenda wapi, hasemi.

Mkutanoni, sikiliza vitu vitatu. Cha kwanza ni kusomwa kwa muhtasari wa mkutano uliopita. Mara nyingi hurukwa kwa kisingizio cha muda. Msikubali, maana muhtasari usiosomwa unaweza kuwa na chochote ndani. Cha pili ni "yatokanayo", yaani mlichokubaliana mara ya mwisho kimefikia wapi. Cha tatu ni mahudhurio, ambayo yaandikwe kwa majina na idadi.

Ukipewa nafasi, usihutubie. Sema ombi moja, kisha umalize kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba iingie kwenye muhtasari kwamba mkutano umeazimia …, mhusika ni …, na tarehe ya kutoa taarifa ni …" Azimio, mhusika, tarehe. Mara ya kwanza niliposema hivyo watu walicheka, wakadhani najifanya mwanasheria. Mkutano uliofuata, mtendaji alipoulizwa kuhusu boma na ikabidi asome jina lake mwenyewe kama mhusika, hakuna aliyecheka.

Na wanawake. Sheria inawapa nafasi kwenye halmashauri ya kijiji: wasipungue robo ya wajumbe. Kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, wasipungue watatu. Kukaa kikaoni na kusikilizwa ni vitu viwili. Kwetu jambo dogo ndilo lililosaidia: mkutano ulihamishwa kutoka jioni kwenda saa tatu asubuhi, siku isiyo ya gulio. Waliohudhuria wakabadilika, na hoja nazo zikabadilika. Maji yakapanda juu ya orodha, uwanja wa mpira ukashuka.

Hatua ya 4: Soma mapato na matumizi kama mwenye duka

Taarifa ya fedha ya kijiji haihitaji mhasibu. Inahitaji mtu aliyewahi kuuza nyanya. Kwanza jua fedha zinaingia kupitia wapi: ruzuku au mgawo kutoka halmashauri, michango ya wananchi, faini za sheria ndogo, ukodishaji wa mashamba au majengo ya kijiji, na siku hizi kodi ya mnara wa simu. Mnara ukiwa umesimama kwenye ardhi ya kijiji na hausikiki kwenye taarifa, uliza.

Kisha linganisha. Tuseme kaya 300 zilitakiwa kuchanga Sh 10,000 kila moja. Jumla iwe milioni 3. Taarifa ikisema zimepatikana milioni 2.1, si lazima kuna mwizi. Huenda kaya 90 hazijachanga. Basi orodha ya kaya hizo 90 isomwe. Ikisomwa, utaona mikono ikinyooshwa: "Mimi nimelipa, hii hapa stakabadhi." Sasa mna jambo la kuzungumza. Aliyelipa bila stakabadhi atajilaumu siku hiyo, na ndiyo maana nasema kila shilingi unayotoa kwenye ofisi ya umma, iwe mchango, faini au hela ya barua ya utambulisho, omba stakabadhi. Anayekutoza na hawezi kukupa karatasi, mara nyingi hana haki ya kukutoza.

Upande wa matumizi, usibishanie bei tu, bishania idadi. Taarifa inasema saruji mifuko 120. Mwite fundi mbele ya mkutano, aseme mfuko mmoja ulitoa tofali ngapi, kisha watoto wa shule wakahesabu tofali. Vijijini fundi, dereva wa lori na mtunza stoo wote ni ndugu wa mtu. Ukweli haufichiki mbali.

Kwa miradi mikubwa ya serikali, fedha siku hizi huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule au kituo cha afya, na kamati za wananchi ndizo zinazosimamia ununuzi, upokeaji wa vifaa na ujenzi. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja, kila darasa lilitengewa Sh milioni 20 na nchi nzima ilijua kiwango hicho. Mwananchi anayejua kiwango ana nguvu ya ajabu. Kwa hiyo mradi ukianza, tafuta namba tatu: kiasi kilichotengwa, kiasi kilichoingia benki, na tarehe. Zibandikwe ubaoni. Ukichaguliwa kwenye kamati ya mapokezi, usisaini kupokea mabati uliyoambiwa "yako njiani".

Hatua ya 5: Wahi kalenda ya bajeti

Hili ndilo lililoliua boma letu miaka yote ile. Chanzo cha maboma mengi ya aina hiyo ni mpango wa maendeleo ya afya ya msingi ulioanza 2007, ambao ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Utaratibu uliozoeleka ukawa kwamba wananchi wanainua kuta, serikali inapaua na kumalizia. Vijiji vikainua. Wengi wakabaki wakisubiri upande wa pili wa ahadi, bila kujua kwamba serikali haimalizii boma lisilo kwenye mpango wake.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kijiji au mtaa unatakiwa kuibua vipaumbele vyake mapema, miezi ya mwisho ya mwaka, kwa utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele hivyo vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, na wenyeviti wa vijiji au mitaa wakiwa wajumbe. Januari na Februari halmashauri inafunga bajeti yake. Aprili hadi Juni Bunge linajadili na kupitisha. Ukileta hoja yako mwezi wa Machi, gari limeshaondoka. Utasubiri mwaka mzima mwingine.

Tulichofanya ni hiki. Mkutano mkuu wa mwezi wa kumi uliweka boma kipaumbele namba moja, kwa kupiga kura, hesabu ikaandikwa. Kamati ya ujenzi ikapima na kupiga picha. Mtendaji akapeleka muhtasari kwenye kamati ya kata, sisi wajumbe wawili tukaenda tukakaa nje ya kikao hadi kikaisha, tukamuuliza diwani: "Mheshimiwa, limeingia namba ngapi?" Lilikuwa limeingia namba tatu, nyuma ya matundu ya vyoo vya shule mbili. Sikufurahi, ila kwa haki vyoo vile vilistahili. Mwaka uliofuata tukawa wa kwanza, na fedha za kumalizia maboma ya zahanati zilipokuja, Sh milioni 50 kwa kila boma, jina letu lilikuwamo kwenye orodha. Kijiji jirani kina boma zuri kuliko letu, la mawe. Hakikuwamo.

Hatua ya 6: Nenda kwenye baraza la madiwani

Baraza linakaa hadharani angalau kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Hutaruhusiwa kusema. Kwa hiyo swali lako limfikie diwani kabla, kwa maandishi, na afadhali liwe la namba: "Halmashauri ilikusanya kiasi gani cha ushuru kutoka soko letu mwaka jana, na kiasi gani kimerudi kukarabati choo cha soko?" Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa "tunaendelea na mchakato".

Mambo mengi huamuliwa kwenye kamati za kudumu kabla ya baraza: ya fedha, ya elimu, afya na maji, ya uchumi, ujenzi na mazingira. Diwani wako yuko kwenye ipi? Ukijua, unajua pia nani mwingine wa kumwomba.

Sheria ndogo nazo hupita hapa. Kabla halmashauri haijatunga ushuru mpya inatakiwa kuwatangazia wananchi na kupokea maoni, kisha Waziri aridhie na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kwa mfanyabiashara mdogo, siku za maoni ndizo za kupambana. Kupambana na mkusanyaji mwenye mashine ya POS mlangoni ni kuchelewa. Na mkulima akumbuke kwamba tangu bajeti ya 2017/18 serikali iliondoa ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Gunia zako tano kwenye kizuizi zisikutoe jasho.

Kando kidogo: mikopo ya asilimia 10

Watu wananiuliza hili kuliko yote, kwa hiyo niliseme. Halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangu 2018 ni takwa la sheria. Mwaka 2023 ilisimamishwa baada ya wizi na vikundi hewa kukithiri, ikarejeshwa 2024 kwa taratibu mpya. Anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Asikutangulie dalali: mtu anayekuambia ana "mtu wake" halmashauri atakula mkopo, na deni litabaki kwa kikundi.

Hatua ya 7: Ukikwama

Panda ngazi moja moja, kwa barua. Mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, mkurugenzi. Kila barua itaje ile iliyotangulia na tarehe yake. Ukiruka moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya, mara nyingi atairudisha chini na umewaudhi wote wa kati.

Unapotaka nyaraka, kwa mfano muhtasari au taarifa ya mradi, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba, na ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Nimeona barua iliyotaja sheria hiyo ikijibiwa kwa siku tisa, baada ya barua mbili za kubembeleza kukaa miezi minne.

Palipo na harufu ya rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure namba 113. Toa vitu vinavyoshikika: tarehe, kiasi, jina la mradi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka na kuna kitabu kizima cha serikali za mitaa. Hutangazwa mwezi wa Aprili. Tafuta halmashauri yako humo. Hoja iliyoandikwa na mkaguzi, diwani hawezi kuiita maneno ya wapinzani.

Mgogoro wa ardhi ukifikishwa baraza la kata, jua kwamba tangu marekebisho ya 2021 kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Halitoi hukumu tena. Mkishindwana, mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kuhusu kura

Mfumo huu unachechemea, nisifiche. Uchaguzi wa wenyeviti unasimamiwa na TAMISEMI badala ya tume ya uchaguzi, na mgombea lazima apitishwe na chama. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, huku wapinzani wakilalamikia wagombea wao kuenguliwa. Kijiji ambacho mwenyekiti wake hakushindana na mtu kinahitaji mkutano mkuu wenye macho makali zaidi, kwa sababu mkutano huo hauna chama. Mpinzani, mwanachama na asiye na kadi wote wanakaa kwenye jamvi moja na wana sauti sawa.

Uchaguzi ujao wa vijiji, vitongoji na mitaa, kwa mzunguko wa miaka mitano, ni 2029. Kadi yako ya mpiga kura wa Rais haitoshi: orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa huandikishwa upya kitongojini au mtaani, kwa siku chache tu, wiki kadhaa kabla ya kura. Mwaka 2024 zilikuwa siku kumi, 11 hadi 20 Oktoba. Kupiga kura ni kuanzia miaka 18, kugombea miaka 21. Siku hizo zikitangazwa, nenda asubuhi ya siku ya kwanza, na ukitoka hapo ingia ofisini kwa mtendaji uulize mkutano wa robo ni lini.